Posa imeitikiwa, na mimi nina makaburi mawili moyoni

BARUA

Assalaam aleikum Bi Mkubwa, na shikamoo.

Mie ni mama wa miaka 46, nipo Pemba, upande wa Wete. Sijapata kuandika barua ya namna hii, na mkono unatetemeka, lakini nisipolisema hili sasa nitakuja kulisema siku ambayo halitafaa tena.

Niliolewa nina miaka 18. Mume wangu ni mtoto wa ami yangu. Baba yake na baba yangu ni tumbo moja, mama mmoja baba mmoja. Hatukulazimishwa kwa fimbo, ila hatukuulizwa pia. Babu yetu aliacha shamba la mikarafuu, na wazee walikuwa wakisema mikarafuu ya babu haihamii kwa watu. Mume wangu ni mtu mwema, sina la kumlalamikia. Miaka 28 tumeshiba pamoja na tumelala njaa pamoja.

Mwenyezi Mungu alituruzuku watoto sita. Walio hai ni wanne.

Wa pili alizaliwa mnene, hana kasoro. Alipotimia miezi saba viganja na nyayo zikaanza kuvimba, ukimgusa tu analia. Macho yakawa manjano kama kiini cha yai. Bibi yake akasema ni jicho la mtu. Tulimfukiza, tukamnywesha kombe, tukamvisha hirizi. Alifariki ana mwaka mmoja na miezi minne. Wa nne naye alianza vivyo hivyo, lakini yeye aliishi mpaka akatimia miaka mitatu. Kikiingia kipupwe alikuwa akililia mifupa usiku kucha. Mara mbili alitiwa damu hospitali. Asubuhi moja aliamka tumbo limemvimba upande wa kushoto, midomo myeupe kama karatasi, na kabla ya alasiri tulikuwa tumeshampoteza.

Ile mara ya pili alipotiwa damu, daktari mmoja aliniuliza, "Wewe na mumeo mna udugu?" Nikamwambia ndiyo. Akaandika kitu, akasema turudi wiki ya pili yake tupimwe sote wawili. Mama mkwe wangu, ambaye ndiye mke wa ami yangu aliyenilea, alikasirika. Akasema daktari yule anataka kututia aibu. Hatukurudi. Haikupita miezi mitatu mtoto akafa.

Wa tano ni mwanamme, ana miaka 15, kiziwi tangu kuzaliwa. Ana akili, na kwa kuchuma karafuu hana mfano wake, lakini skuli aliacha darasa la nne kwa sababu alikuwa anakaa tu.

Sasa binti yangu, yule wa tatu, ana miaka 22, mzima wa afya, anasoma ualimu Unguja. Ameposwa na mtoto wa wifi yangu, yaani dada wa mume wangu, tumbo moja. Kijana ni fundi umeme, mstahimilivu, na binti mwenyewe anamtaka. Posa imeitikiwa, mahari yametajwa, na harusi inasemwa iwe Mfunguo Tatu. Nyumba nzima ina furaha. Mume wangu anasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, heri tuozane wenyewe kwa wenyewe kuliko kumpa mtoto kwa watu tusiowajua.

Mwezi uliopita nilisikia redioni kipindi kuhusu watoto wa waliooana ndugu kwa ndugu. Tangu siku hiyo silali. Nilijaribu kumgusia mume wangu, akanijibu, "Sisi tumeoana, tumepata nini kibaya?" Nikakosa la kusema. Makaburi mawili yapo chini ya mwembe, hayafiki hatua hamsini kutoka mlangoni kwetu, na nikakosa la kusema.

Naomba unijibu. Ni kweli kwamba udugu ndio unaoleta maradhi? Kama ni kweli, basi mimi na mume wangu ndio tuliowaua wanetu? Na nifanyeje kuhusu harusi hii bila ya kukata udugu, maana nikisema neno, wifi ataona namkataa mwanawe.

Mama wa watoto sita, Pemba


JIBU

Waaleikumu salaam mdogo wangu, na marhaba. Barua yako nimeisoma mara tatu. Nilifanya kazi ya ukunga miaka mingi kabla ya kukaa na kalamu, na mambo uliyoyaeleza nimeyaona kwa macho yangu, kwenye mikono ya kina mama kama wewe.

Nitaanza na swali lako la pili, maana ndilo linalokutafuna. Hapana. Hukuwaua wanao, wala mume wako hakuwaua. Mtu haui kwa kitu alichozaliwa nacho wala hakijui. Na hilo la kutorudi kwa daktari nalo ulitue. Kinachomtokea mtoto anapovimba tumbo upande wa kushoto na kuwa mweupe kwa saa chache ni kwamba bandama imenasa damu kwa ghafla, mwili ukabaki mkavu. Huenda kwa kasi hata ikawapita wanaokaa jirani na hospitali. Wewe ulikuwa mke mchanga katika nyumba ya mkweo. Mtoto aliumwa, ukampeleka, na ulipoulizwa ukasema kweli. Ulifanya uliloliweza.

Siwezi kukupa jina la maradhi ya watoto waliokwishazikwa. Lakini viganja na nyayo kuvimba baada ya miezi sita, macho ya manjano, maumivu ya mifupa yanayokuja na baridi, damu kupungua kila mara, kisha tumbo lile la kushoto: mkunga yeyote akisikia hayo kwa pamoja atafikiri selimundu, ambayo wengine huiita sikoseli. Chembe nyekundu za damu, zinazotakiwa ziwe za duara na laini, hugeuka umbo la mundu. Zikifika kwenye mishipa midogo hukwama, na pale zinapokwama ndipo panapouma. Chembe nzima huishi siku 120 hivi. Hizi za mundu hufa baada ya wiki mbili au tatu, ndiyo maana damu haitoshi na macho yanakuwa manjano. Na mwanao wa pili alikuwa mzima miezi ya mwanzo kwa sababu mtoto mchanga bado ana damu ya tumboni, ambayo haipindi. Ile ikiondoka, maradhi hujitokeza. Ndiyo sababu watu husema "alikuwa mzima, amepigwa jicho." Kweli alikuwa haonyeshi kitu.

Sasa udugu unaingiaje? Nitakueleza kwa kanga, kwa sababu sijaona mfano mwingine ulio sawa zaidi.

Kanga hununuliwa doti, vipande viwili. Na sisi katika miili yetu kila kinasaba tunacho doti, kipande kimoja tumepewa na mama na kimoja tumepewa na baba. Madoti haya yanafika kama 20,000, na kila doti ina kazi yake: hii ya kutengeneza damu, hii ya kusikia, hii ya rangi ya ngozi. Kipande kimoja kikiwa kimetoboka, unajistiri kwa cha pili na hakuna anayejua. Mimi ninavyo vilivyotoboka, wewe unavyo, shekhe wa msikiti wenu anavyo. Tabu inakuja pale mtoto anapopewa na baba kipande kilichotoboka, na mama naye akampa kilichotoboka pale pale. Hapo hana cha kujistiria.

Mtu baki na mtu baki huwa wametoboka mahali tofauti. Lakini nyinyi watoto wa ndugu wawili mmekatiwa kanga kutoka jora moja, la babu yenu. Tundu lililokuwa kwa babu huenda limefika kwako na kwa mume wako, mahali pale pale. Watoto wa ndugu wawili wanashirikiana moja ya nane ya vinasaba vyao. Ndiyo sababu kwao mambo haya hukutana zaidi, bila ya laana, bila ya husda, na bila ya kosa la tumbo lako. Nalisema hili la tumbo makusudi, kwa sababu kwetu mtoto akifa anayetazamwa ni mama. Selimundu haitoki kwa mama peke yake hata siku moja. Lazima vipande viwili vikutane.

Ila lazima niseme na upande wa pili, maana redio mara nyingi huuacha. Huko Bradford, Uingereza, ambako Wapakistani wengi huoana watoto wa ndugu, walifuatiliwa watoto zaidi ya 11,000, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Kwa wazazi wasio na udugu, watoto waliozaliwa na kasoro kubwa walikuwa kama 3 katika kila 100. Kwa watoto wa ami na mjomba waliooana walikuwa kama 6. Hatari imeongezeka mara mbili, na hilo si jambo dogo kwa mama wa mmoja wa wale 6. Lakini 94 walizaliwa bila ya kasoro hizo. Hesabu hiyo lakini ni ya watu kwa jumla, haiijui nyumba yenu. Nyumba yenu imeshatoa ishara, na palipotoka ishara hatuhesabu tena kwa wastani wa Bradford.

Basi tuihesabu nyumba yenu. Kama wale wawili walikuwa na selimundu, ina maana wewe na mume wako kila mmoja ana kipande kimoja kizima na kimoja kilichotoboka. Nyinyi si wagonjwa. Mnaitwa wabebaji, na hospitali huandikwa AS. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina njia nne: mtoto mzima kabisa, mbebaji kwa upande wa baba, mbebaji kwa upande wa mama, au mgonjwa. Hii ni kwa kila mimba upya. Kupata mgonjwa mara moja hakumkingi anayefuata. Binti yako si mgonjwa, basi ile njia ya nne tunaiondoa. Zimebaki tatu, na mbili kati ya hizo ni za mbebaji. Kwa hiyo binti yako, mzima kama ulivyomwona, ana nafasi mbili katika tatu za kuwa amebeba.

Na kijana? Mama yake ni dada wa mume wako, tumbo moja. Kama mume wako amebeba, wifi yako ana nafasi nusu, na mwanawe nusu ya hiyo, yaani robo. Hapo hatujamgusa baba yake kijana, naye ana ukoo wake.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani hakuna aliyelihesabu hapo kwenu. Binti yako na kijana huyu si watoto wa kaka na dada tu. Wewe nawe ni mtoto wa ami wa wifi yako. Kwa hiyo wameshikana kwa nyuzi mbili, wa baba na wa mama. Watoto wa ndugu wa kawaida wakioana, mtoto wao ana nafasi 4 katika 64 za kupewa vipande viwili vilivyotoka kwenye kipande kimoja cha mzee wao. Mtoto wa hawa wenu atakuwa na 5 katika 64. Kizazi kimoja juu ya kingine, uzi unazidi kukaza. Na huu ndio wasiwasi wangu mkubwa kwa desturi yetu, si ile ndoa moja ya mtoto wa ami, ila kuirudia kila kizazi ndani ya mji ule ule kwa ajili ya shamba lile lile.

Mumeo akikwambia dini imeruhusu, mkubalie, kwa sababu ni kweli. Waliokatazwa wametajwa kwenye Surat An-Nisaa, na watoto wa ami, shangazi, mjomba na mama mdogo hawamo. Mtume, rehema na amani zimfikie, alimuoa Zainab bint Jahsh, mtoto wa shangazi yake. Kwa hiyo usiende kwake na maneno ya kuonyesha kuwa mmefanya haramu, wala asikuaibishe mtu kwa ndoa yako. Lakini lililohalalishwa halikufanywa lazima, na hakuna aya inayokataza kupima damu. Mwambie na hili: Saudia, huko huko tunakokwenda kuhiji, tangu 2004 bwana na bibi harusi wanatakiwa wapimwe selimundu na thalasemia, maradhi mengine ya damu ya kurithi, kabla ya nikaha. Hawazuiliwi kuoana, majibu yakitoka uamuzi ni wao. Kama watu wa Makka na Madina hawakuona aibu kupima, na sisi wa Pemba hatuna sababu ya kuiona.

Kuhusu zimwi likujualo, mwambie kwa upole kwamba zimwi hili halijamjua mtu, linakula tu.

Sasa la kufanya. Sikushauri uivunje posa. Nakushauri uisimamishe mpaka majibu ya damu yapatikane, na hilo ni jambo la wiki chache.

Anza na binti yako, kabla ya mume wako na kabla ya wifi. Usimwambie kwa simu. Mwite aje, au panda boti umfuate Unguja. Mueleze watoto wale wawili waliumwa nini, kila kitu, viganja, macho, tumbo, na yule daktari aliyeuliza swali. Huenda yeye anajua tu kwamba ndugu zake waliumwa wakafa. Ni mtu mzima anayekwenda kuzaa, na habari hizi ni zake kabla hazijawa za mtu mwingine. Huenda akakasirika kwamba hukumwambia mapema. Mwache akasirike.

Kisha mume wako. Chagua usiku baada ya Isha, mpo wawili tu. Alipokuuliza "tumepata nini kibaya" nahisi hakuwa anakudharau. Mwanamme aliyechimba makaburi mawili chini ya mwembe wake anajua alichopata. Huenda swali lile linamtisha kuliko wewe, maana akikubali, anaona amekubali kuwa yeye ndiye sababu. Mwambie ulichokisoma hapa: kwamba hakuna aliyewaua. Usimwambie "nakataa posa." Mwambie, "Naomba watoto wapimwe kabla ya nikaha, na mimi na wewe tupimwe pamoja nao." Nyinyi wawili mkitangulia kutoa mkono kwa sindano, kijana na mama yake hawatahisi wanashukiwa.

Kwa wifi nenda mwenyewe, usimtume mtu. Mmelelewa nyumba moja, ni dada yako kabla hajawa wifi yako. Na nenda na msiba wako, usiende na mashaka juu ya mwanawe. Mwambie, "Nilizika wawili. Sitaki wewe na mimi tuje kuzika mjukuu wetu." Alikuwepo kwenye matanga yale, sidhani kama atahitaji maelezo marefu.

Hospitali, anzeni Wete hapo hapo, au Chake Chake, au Abdulla Mzee kule Mkoani. Ikihitajika, sampuli au wenyewe mwende Mnazi Mmoja, Unguja. Muhimu ni aina ya kipimo. Kipo kipimo cha haraka kinachoonyesha tu kwamba damu inapinda au haipindi. Hicho hakitenganishi mbebaji na mgonjwa, na msiridhike nacho. Ombeni kile kinachotenganisha aina za himoglobini, yaani ile rangi nyekundu iliyomo ndani ya chembe za damu, kinaitwa elektroforesisi. Majibu yake yataandikwa AA (hakubeba), AS (mbebaji) au SS (mgonjwa). Kama kuna aliyetiwa damu ndani ya miezi mitatu, amwambie mpimaji, kwa sababu damu ya mtu mwingine inaweza kupoteza majibu. Wapelekeni na watoto wako wengine, yule mkubwa na yule mdogo na huyu wa miaka 15. Nafasi ile ya mbili katika tatu ni yao wote, hata wakija kuoa Tanga au Mombasa. Usidhani kuoa mbali kunatosha kwa selimundu. Kubeba kipande kimoja humkinga mtu na malaria kali, na pwani yetu imeishi na malaria karne nyingi, kwa hiyo wabebaji wamejaa kila pahala. Tanzania inakadiriwa kuzaa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na wengi wao wazazi hawana udugu wowote. Anayemkimbia mtoto wa ami akaoa mtu baki bila ya kupima, kwa maradhi haya hajakimbia kitu.

Majibu yakionyesha mmoja wao ni AA, selimundu haitawapata watoto wao, hata mwenzake akiwa AS. Hapo mimi nisingesimama njiani. Ule uzi wa udugu bado upo, na kwa maradhi mengine ambayo kipimo hiki hakiyaoni hatari yao itabaki juu kuliko ya watu baki. Waambiwe wazi, waamue wao.

Yakionyesha wote wawili ni AS, nitasema ninachokiamini: ningewaomba wasioane. Robo ya kila mimba, juu ya nyuzi mbili za udugu, juu ya makaburi mawili ambayo tayari mnayo. Watalia, najua. Wana miaka ishirini na kitu, wanapendana, na hakuna aliyewakosea. Lakini neno la mwisho si langu wala si lako, na ikiwa watajua yote na bado wakaoana, usiwatenge. Kila mtoto wao apimwe akiwa mchanga, asisubiriwe avimbe viganja. Mtoto wa selimundu anayejulikana mapema siku hizi hupewa dawa ya kumkinga na vijidudu, chanjo, foliki asidi, kinga ya malaria, na ipo haidroksiyurea inayopunguza maumivu na haja ya kutiwa damu. Mama yake hufundishwa kuishika bandama kwa mkono wake kila siku, ili siku ikikua akimbie mara moja. Wewe hukufundishwa hayo. Yeye atafundishwa. Wapo wenye selimundu waliokua, wakasoma, wakaoa na kuolewa.

Majibu ya damu yabaki ndani. Yasifike barazani wala kwenye kisima. Mbebaji si mgonjwa, lakini maneno yakishatoka, binti wa watu huitwa mwenye maradhi mpaka uzee.

Umenigusia yule kijana wako wa miaka 15 kwa mistari miwili, nami siwezi kumpita. Zaidi ya nusu ya uziwi wa kuzaliwa nao hutokana na vinasaba, na sehemu kubwa ya huo ni wa doti iliyotoboka vipande vyote viwili. Kwa hiyo huenda naye ni uzi ule ule wa babu. Huenda pia si huo, kwa sababu rubela ikimpata mama mjamzito huleta uziwi, na manjano makali ya siku za mwanzo pia huleta. Mueleze daktari habari zake mkienda kupima, ili azitie kwenye hesabu ya binti yako. Lakini yeye si ushahidi wa kesi hii. Ni mtoto aliyeachwa akae tu darasani mpaka akachoka. Miaka 15 si mingi. Nenda ofisi ya elimu ya wilaya yako, uliza skuli gani ina mwalimu wa lugha ya alama, na mpeleke. Na nyinyi nyumbani mjifunze lugha hiyo pamoja naye, ndugu zake kwanza. Atasimama kwenye harusi ya dada yake, itakapokuwa, na yeyote atakayemuoa, na anastahili kujua watu wanasema nini.

Jambo la mwisho. Katika barua yako wanao waliofariki umewaita "wa pili" na "wa nne". Utakapokaa na binti yako, mwambie majina yao, na nani alimpa kila mmoja jina lake.